Mama Vifungo, Aliyeonya Akiwa na Sindano Mkononi

Mama yetu, ambaye washirika wengi wa kanisa hili mlimwita Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mchoma matofali na mkewe mkulima. Dada yake anasema alianza kuzungumza mapema na tangu siku hiyo hakupumzika.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Alifaulu, lakini nafasi ya kuendelea na masomo alipewa kaka yake. Alijiunga na darasa la ushonaji la akina mama wa kanisa, na mwaka 1970 akaajiriwa katika duka la kushona sare, chumba chembamba chenye cherehani nne na dirisha moja. Alikaa pale miaka thelathini na mmoja.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, fundi saa, mtu wa maneno machache. Baba alikuwa akisema, "Nyumba hii ina saa kumi na mbili ukutani, na hakuna hata moja inayojua mama yenu atarudi lini." Walijaliwa watoto wawili: mimi ninayewasomea, na mdogo wangu wa kiume. Baba alitangulia mwaka 2009.

Mwaka 1989 mama alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akapewa kazi ambayo wenzake waliikwepa: kuwaendea washirika waliopotoka. Hakubeba barua ya baraza. Alibeba kopo la vifungo, uzi na sindano, akaenda peke yake, kwa kuwa aliamini mtu huonywa kwanza mahali pasipo na wa kumcheka. Akifika, aliomba nguo iliyochanika, akawa anashona huku anasema. Alituambia kwamba mkosaji ukimkazia macho hujitetea, lakini akiutazama mkono unaomshonea, husikiliza. Uzi ukiisha, naye amemaliza.

Mwaka 1992 mwalimu wa kwaya alimwacha mkewe akahamia kwa mwanamke mwingine. Baraza lilitaka atangazwe kanisani na kutengwa. Mama akauliza, "Nani kati yetu amemwendea?" Jumamosi iliyofuata alipiga hodi kwa mwalimu, ambaye ndiye aliyetusimulia.

"Mama Mzee, umekuja kunihukumu?"

"Nimekuja kushona. Lete shati."

"Sina shati lililochanika."

"Basi lete soksi. Mwanamume aliyehama kwake hakosi soksi yenye tundu."

Alikwenda huko Jumamosi tisa. Ya kumi, mwalimu alirudi kwa mkewe, na kesho yake akatubu mbele ya kanisa.

Jumamosi hizo zilipaswa kuwa zetu sisi watoto. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na upindo wa sketi yangu ya shule ulishikizwa kwa pini. Wenzangu walinitania, "We mtoto wa fundi, mama yako anamshonea nani?" Nilijua anamshonea nani. Niliwaonea wivu wakosaji wote wa kanisa hili. Nilipomaliza chuo nikapanga chumba changu, niliacha ibada Jumapili saba kwa makusudi, nikingoja kusikia lile kopo likilia mlangoni pangu. Mama alimtuma mdogo wangu tu: "Mwambie dada yako, akija kanisani asisahau mwavuli wangu." Jumapili ya nane nilikwenda, na mwavuli. Alinisogezea nafasi kwenye benchi, kana kwamba nilikuwa nimetoka nje kukohoa.

Machi 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Nilimleta kwangu, ghorofa ya tatu. Wale aliowahi kuwaonya wakaanza kuja, mmoja mmoja, na mimi nikawa nawaambia mlangoni kwamba amelala. Hakuwa amelala. Mwalimu wa kwaya nilimrudisha mara tatu. Kwa mara ya kwanza mama alikuwa wangu peke yangu.

Alasiri moja ya Juni aliniita.

"Lete kopo. Na hilo sweta ulilovaa, kiwiko kimetoboka."

Alitunga uzi sindanoni, akaanza kushona.

"Unawafukuza watu wangu."

"Mama, wamekuwa na wewe miaka yote."

Alipitisha sindano mara mbili, tatu. "Ni kweli. Nilidhani asiyepotea hahitaji kutafutwa. Hapo nilikukosea, mwanangu. Na wewe umekosea. Mwalimu ni mzee yule, anapanda ngazi zote hizo kwa fimbo, halafu unamwambia nimelala, na kikohozi changu anakisikia?"

Sweta ni la kahawia. Uzi alioutumia ni wa kijani. Macho yake yalikuwa yamechoka. Uzi ulipoisha, aliukata kwa meno.

Kesho yake nilianza kuwafungulia mlango. Mama alifariki tarehe 9 Julai 2024, saa nne asubuhi, chumba kimejaa, mwalimu wa kwaya akiongoza wimbo. Mimi nilisimama mlangoni, kwa sababu nafasi za kando ya kitanda zilikuwa zimekwisha.

Ameacha dada mmoja, watoto wawili na wajukuu watano. Ameacha pia wote aliowashonea. Tutakapoweka udongo, familia inawaomba ninyi aliowashonea mje mbele pamoja nasi, na mwalimu wa kwaya asimame kando yangu, upande wa kiwiko hiki chenye uzi wa kijani. Kopo la vifungo nimebaki nalo mimi. Hilo sitamgawia mtu.

Mama, uzi umeisha. Pumzika sasa kwa amani.