Bahili Wetu wa Maabara Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na tatu katika maabara ya patholojia ya spitali yetu, Bi Mwanapili Hija anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wenzake tumefurahi kwa ajili yake, tumehuzunika kwa ajili yetu na, kusema kweli, tumepumua kidogo, maana sasa huenda tukala mkate wa kumimina, ule mtamu wa mchele, kama watu wengine.

Kwa wasiomjua, Bi Mwanapili, mzaliwa wa Jadida hapa Wete, ndiye hupokea kijinyama kilichotolewa kwa mgonjwa, akakigandisha ndani ya nta, kisha akakikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu ili daktari avitazame kwa darubini. Kazi hiyo imemwingia mwilini. Akikabidhiwa kisu katika harusi yoyote ya Wete, wageni hupewa vipande vya mkate vinavyopitisha mwanga. Alipooa mwenzetu Hamdan, mkate mmoja ulilisha ukumbi mzima na ukabaki. Bwana harusi hadi leo anadai hakuonja.

Maabarani nako ubahili ulikuwa ule ule. Daktari akiomba vipande kumi, alipewa vinne na tabasamu. Kilichobaki ndani ya nta kilirudi kabatini, na funguo zikarudi kiunoni mwa Bi Mwanapili. Dk. Nahla alilalamika, akabembeleza, akaleta hata tende za Madina. Tende zilipokelewa kwa shukrani, na jibu halikubadilika: mwanangu, akiba haiozi.

Ndipo akaja Jaribu, mkulima wa muhogo wa Gando, baba wa watoto wanne, mwenye saratani ya ini. Dawa za kawaida hazikumsaidia. Dk. Nahla alitaka jeni za uvimbe ule zipimwe Dar es Salaam, kwani saratani mbili zinazofanana kwenye darubini huweza kuwa na hitilafu tofauti ndani yake, na zipo dawa zinazolenga hitilafu moja tu na kuacha nyingine. Lakini damu ya Jaribu ilikuwa haigandi tena vizuri, na kumchoma ini sindano ya pili kungeweza kumuua. Yote yakategemea kama kijinyama chake cha mwanzo kilibaki.

Kilikuwepo, nusu ya punje ya mchele. Siku hiyo feni ilizimwa na milango ikafungwa. Hamdan, aliyekuwa na mafua, alipelekwa uani asije akapiga chafya, akabaki kuchungulia dirishani huku ameziba pua. Bi Mwanapili alisoma Bismillahi, akakata. Kwa mara ya kwanza tulimwona akikata mpaka ikabaki nta tupu. Vipande vilitosha. Akakaa chini, akalia, nasi tukalia naye.

Majibu yalirudi na hitilafu yenye dawa yake. Jaribu akaanza vidonge, na picha za mwaka huu zinaonesha uvimbe umesinyaa zaidi ya nusu. Madaktari hawasemi amepona, nasi hatusemi. Ila amerudi shambani, na maabara imeletewa muhogo mwingi hata baadhi yetu tukimwona getini tunapita mlango wa nyuma.

Funguo za kabati sasa anazo Kauthar, aliyefunzwa na Bi Mwanapili mwenyewe. Wiki iliyopita Dk. Nahla aliomba vipande kumi, akapewa vinne.

Bi Mwanapili, ahsante kwa mkono wako, kwa ukali wako na kwa kutunyima kwa ajili ya wagonjwa. Mola akujaalie afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wengi wa kuwakatia mkate. Lakini katika hafla ya kukuaga Alhamisi hutashika kisu. Mkate wa kumimina unapikwa na Ummi, mke wa Jaribu, na atakayeukata ni Jaribu mwenyewe. Ametutuma tukwambie mapema kwamba kipande chako kitakuwa kinene, na safari hii ukile chote, usiweke akiba.