Neno la Siri Nililofukuzwa Nalo

Mwaka wa 1993 nilikuwa na miaka thelathini na sita, mke mmoja, watoto wawili, na ufunguo wa chumba chenye baridi kuliko vyote Kolwezi. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nalala juu ya saruji ya gare, stesheni ya treni, mtoto mmoja amekufa na wa pili yuko njiani kumfuata.

Mumeniomba niseme, basi nasema. Rais wa mutuelle, chama chetu cha kusaidiana, ameninong'oneza, "Tata, dakika kumi." Dakika kumi hazitoshi. Atakayechoka atoke akanywe maji, sitamchukia. Na musingojee Kifaransa cha chuo kikuu. Darasa la nne la msingi ndiyo shule yangu yote, mengine niliyaokota kwenye ekrani za kompyuta. Wengi wenu humu ndani munatunza mashine za benki, za hospitali, za makampuni ya shaba. Mi niliingia kazi hiyo na ufagio mkononi. Nilifagia chumba cha mashine miaka mingi, nikawa naangalia. Mzungu aliyekitunza aliona naangalia, akaanza kunieleza.

Kampuni sitaitaja. Watu sitawataja, maana wengine wangali hai, na wajukuu wao wameoana na wajukuu wa watu wetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya chumba kile kulikuwa na mashine kubwa, ile munayoita leo serveur. Kwenye meza za ofisi, za magazini, ghala letu la vipuri, na za garage kulikuwa na ekrani zilizofungwa kwake kwa waya. Huwezi kutoa hata bearing moja ya pampu magazini kama mashine kubwa haijakubali. Kila mfanyakazi wa ofisi alikuwa na jina lake ndani, na neno lake la siri. Mi ndiye niliyefungua majina na kuyafunga; mwenzangu mmoja alitunza kanda za nakala za kazi yote. Amehama, nafunga. Amekufa, nafunga, lakini kwa karatasi yenye sahihi. Disketi ya mtu yeyote, hata ya mkurugenzi, haikuingia kabla sijaipitisha kwenye mashine ya pembeni kutafuta virusi. Mkurugenzi alikasirika mara nyingi. Alikasirika, na akangoja.

Mzungu alipoondoka baada ya uporaji wa askari wa mwaka wa 1991, aliniachia neno la juu kabisa, lile la mwenye mashine yote. Aliniachia kwa remise-reprise. Vijana, hiyo desturi munaijua: anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja, wanapitia kitu kwa kitu, hiki kizima, hiki kimevunjika, halafu wanatia sahihi. Hapa kwetu hata mlinzi anayemwachia mwenzake tochi anafanya remise-reprise. Mzungu alisema nimfundishe mtu wa pili neno lile. Sikuwa nimepata ruhusa ya kumpa mtu, kila mara chef wa personnel, mkuu wa mambo ya wafanyakazi, alisema "kesho".

Halafu siasa ikaingia mpaka kwenye sufuria. Redioni, sokoni, kanisani, neno moja: jimbo la Katanga ni la wenyeji, watu wa Kasai warudi kwao. Ndugu zangu, nawaambia, mi nilikuwa sijakanyaga Kasai. Kampuni ilimleta baba yangu huku kuchimba, nikazaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi hapa hapa. Mke wangu alizaliwa Kisenge, humu humu jimboni. Turudi wapi?

Asubuhi moja chef wa personnel akaja mlangoni kwangu. Hakuingia, baridi ilimkohoza.

"Tata, ufunge majina ya bale ba kule."

"Bale ba kule ni banani, chef?"

"Shi unabajua? Ni bandugu yako."

"Mashine haijue kabila. Inajua jina na numero, basi."

"Njo maana uko. Wewe utakuwa macho yake."

Nikamwambia alete karatasi, jina moja moja, na sahihi chini, kama siku zote. Akacheka mpaka akakohoa tena, akawageukia walinzi aliokuja nao.

"Karatasi! Inje kule bavijana beko na petroli, ye anaomba karatasi! Mumutoshe."

Walinzi wakanishika. Walinzi wale tulikuwa tunakula bukari sahani moja. Mmoja akanong'ona, "Tata, usipigane, nakuomba." Sikupigana. Nilitolewa nikiwa na koti zito la sufu nililovaa kwa ajili ya chumba baridi, nikatembea nalo juani kama mwendawazimu, watoto wa barabarani wakinizomea. Hakuna aliyekumbuka kuniuliza chochote. Walifukuza mtu, wakasahau kwamba neno la mashine lilikuwa kichwani mwa mtu huyo.

Nyumba ilikuwa ya kampuni. Nilipofika, godoro letu lilikuwa barabarani na mke wangu amejitwika sufuria. Vijana walikuwa wanaimba, wanatuita wadudu. Mmoja wao nilimjua, mama yake ndiye aliyemshika mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Hakunitazama.

Basi, gare. Wale walioyaona hawayahitaji maneno yangu, na wasioyaona hawataamini. Watu wamelala kama magunia, jukwaani, kwenye mabehewa mabovu, katikati ya reli. Treni inasemekana itakuja kesho. Kesho inafika, treni haifiki. Choo hakuna. Maji ya bomba moja. Koti langu la sufu tulilibadilisha na unga. Kisha pete ya mke wangu. Kisha kuhara kukaingia. Mvulana wangu, mwenye miaka saba, alianza asubuhi, akatuacha kesho yake. Tulimzika nyuma ya reli pamoja na watoto wa watu wengine, bila sanduku. Sitaongeza neno hapo.

Halafu binti yangu, miaka minne, akaanza vilevile.

Siku hiyo hiyo chef alikuja gare. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa, anaruka juu ya watu kama anayevuka matope. Nikajua. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, na ulipokatika vibaya namna ile, mashine kubwa ilikuwa na tabia moja: ikiwaka tena inasimama mlangoni, inadai neno la juu kabisa, la sivyo haiendelei. Imefanywa hivyo kusudi, mwizi asiizime na kuiwasha akawa mwenye nyumba.

"Tata," akasema, sasa kwa sauti ya asali, "mashine inagoma. Magazini imefungwa. Tupe lile neno."

"Nipe hospitali. Mutoto wangu anakufa."

"Hospitali ni ya ba agents, batu ba kazi ba kampuni. Wewe hauko tena agent."

"Kama siko agent, unaniuliza neno ya nini?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Kicheko kibaya, cha watu wenye njaa. Chef akaona haya, akainama sikioni kwangu.

"Sikia. Urudi wewe peke yako. Tutaandika kusema wewe ni Muluba wa huku, hauko wa Kasai. Bibi na mutoto bapande treni."

"Fanya remise-reprise," nikamwambia. "Lete anayeingia, tusimame naye, nimupe bintu byote. Na mutoto apelekwe kwanza."

"Remise-reprise, apa? Kati ya mavi? We mushenzi kweli!"

Akaondoka. Akasema atarudi na vijana wa petroli, watanitoa neno hilo kwa njia nyingine.

Ndugu zangu, mi ni mtu wa majivuno, munanijua. Lakini saa ile sikuwa na majivuno. Nilikuwa na hasira tu, na hasira haina maji ya kumnywesha mtoto. Mke wangu alikuwa ameketi na binti yetu mapajani. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, macho yameingia ndani, na nilipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Mke wangu akaniambia, bila kuinua sauti, "Baba ya mutoto, neno ile iko mu kinywa yako. Na mutoto iko mu mikono yangu. Moja ya bile bitu inaisha leo." Nilifikiri: nikimkimbilia chef sasa na neno bure, atalipokea na kufunga mlango. Nikinyamaza, mtoto atakufa na neno langu litabaki zima. Sikuona njia ya tatu. Kama kuna mtu humu anayesimama mahali kama pale leo, namwambia sikuwa na imani wala hekima. Nilikuwa nimeisha.

Ndipo akaja mwenzangu wa chumba baridi, aliyetunza kanda za nakala. Mtu wa rika langu, Mulunda kwa kabila, mwenyeji wa huku huku, mtu ambaye hakuna kijana angemgusa, ila akikutwa anatusaidia. Alikuja na baiskeli mchana kweupe. Hakunisalimia. Alimwangalia mtoto, akamwambia mke wangu, "Mama, panda nyuma. Umushike muzuri."

"Unabapeleka wapi?" nikauliza.

"Hospitali. Nitasema ni mutoto wangu na bibi yangu."

"Bibi yako banamujua kule!"

"Basi batasema nimeoa wa pili. Bibi yangu atanipiga, hiyo ni shida yangu."

Wakaondoka, baiskeli inayumba kati ya watu. Nilibaki jukwaani nikihesabu kila baiskeli inayokuja, na zote si yake. Vijana wa petroli walipita upande wa pili wa reli, nikajifunika gunia kichwani. Chef hakuwa nao. Niliwaza mambo ambayo mtu hapaswi kuyawaza akiwa ameketi karibu na reli.

Alirudi jioni, jua bado liko. Akaketi karibu nami juu ya mzigo wa mtu.

"Bamemutia serumu ku mushipa. Amekunywa. Ameomba mukate."

Hakuuliza neno la mashine. Mi ndiye niliyemwuliza.

"Chef amekutuma?"

"Chef hajue niko wapi. Chef eko anapiga mashine makofi."

"Makofi?"

"Ya kweli. Mu mbavu yake."

Tukacheka wote wawili, mimi nikiwa nalia. Kisha nikamwambia, "Keti vizuri. Tufanye remise-reprise."

Tukafanya, pale pale, kati ya uchafu. Nikampa neno la juu, nikamfanya alirudie mpaka akalisema bila kukosea. Nikampa mpangilio wa kuiwasha, nini kwanza, nini baadaye. Nikamwambia kanda ipi ni nzuri na ipi inadanganya. Disketi ya mkurugenzi isiingie kabla hujaipitisha pembeni, hata akilia. Akanisikiliza, halafu akauliza swali alilolibeba tangu asubuhi.

"Na yale majina? Batanilazimisha nifunge. Yako pia."

Nikamwambia, "Funga. Usifute. Jina lililofungwa linafunguka. Ukilifuta, kazi yote ya mtu inabaki ndani bila mwenyewe, na yeyote atakayekuja anaweza kuiita yake."

Sahihi hatukutia, kalamu hatukuwa nayo. Tulishikana mikono. Kesho yake mashine ilifunguka, magazini ikafunguka, pampu za shimoni zikapata bearing zao. Chef alifikiri imetii makofi yake.

Binti yangu alikaa hospitali mpaka akaweza kutembea, kwa jina la mtu mwingine. Treni ikaja. Tulipanda watatu.

Kasai sitaisimulia yote. Walituita Wakatanga. Nilipofungua kinywa kusema Tshiluba changu, watoto walijikunja kwa kicheko. Niliuza sabuni vipande, nilibeba matofali. Ofisi ya misheni moja ilitafuta mfagiaji, nikashika ufagio tena, mtu mzima. Mashine zao tatu zilikuwa zimejaa virusi kama nguo ya gare ilivyojaa chawa, maana kila mtu aliingiza disketi yake na wote walitumia neno la siri moja. Niliomba ruhusa, wakanipa. Nilizisafisha, kila mtu nikampa jina lake. Nilikaa hapo miaka. Kisha mambo yalipotulia huku, mwenzangu yule akatuma habari kwa mtu wa treni: njoo, makampuni mapya yanakuja, na wengi wao hawajui nani anaingia kwenye mashine zao. Tulirudi. Nilianzia mezani kwake, kwenye baraza ya nyumba yake, na bibi yake aliyeambiwa habari ya mke wa pili ndiye aliyetupikia.

Sasa nashukuru. Nashukuru mlinzi aliyeninong'oneza nisipigane. Nashukuru muuguzi aliyejua kabisa mtoto si wa yule baba, akaandika hivyo hivyo. Nashukuru misheni. Nashukuru mke wangu, ambaye hakunilaumu siku ile na hajanilaumu mpaka leo. Na mtu wa baiskeli yuko humu ndani. Amenikataza kumwonyesha. Simwonyeshi, ila musimtafute kwa macho namna hiyo, mutamfanya atoke!

Somo langu ni fupi. Nyinyi munaoshika mashine za watu, mtu mmoja asibebe neno la juu peke yake. Chef akikuambia "kesho", mwambie leo. Mukabidhiane mungali na amani, maana siku ya kufukuzwa hawatakupa nafasi ya kuvua koti. Nakala ilale nyumba nyingine. Na ukiletewa amri ya kufunga majina ya watu kwa sababu ya mahali babu zao walipotoka, omba karatasi. Wataicheka. Omba tu, wajue umeona wanachofanya.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, kisima uani. Nina atelie, karakana yangu, ya vyumba viwili, na ndani yake serveur mbili zangu mwenyewe na jenereta. Nina wafanyakazi wanne, wa makabila manne, na watatu kati yao wanalijua neno la juu. Nina shamba la muhogo njia ya Nzilo. Nina kaburi nyuma ya reli ambalo siwezi tena kulionyesha ni lipi. Nina binti mmoja. Ana mume, ana watoto wawili, na jana amekuja kunigombeza kwamba nakula chumvi nyingi.