Uzito wa Jeruto

Kando ya kinu cha kusaga posho, yaani unga wa mahindi, karibu na stesheni ya Nakuru, palikuwa na benchi lisilokosa watu. Mwaka ule wa hamsini na sita wenye benchi walikuwa Bwana Ratili, aliyepima magunia kinuni, na Naftaly aliyeitwa Gazeti, maana alisoma habari kwa sauti utadhani kaziandika yeye. Siku hiyo alikuwepo pia Kosgei, mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, amempakata bintiye Jeruto. Mkewe alimtuma ampeleke mtoto hospitali kwa sababu siku hizi hachezi. Kosgei aliona ni kusumbuana bure. Mashavu yamejaa vile, ugonjwa uko wapi? Akakaa kwanza anywe kahawa.

Gazeti alikuwa amesoma kwamba wakubwa wanaweza kupima njaa ya nchi nzima: wanajumlisha mavuno yote, kisha wanagawanya kwa vichwa vya watu. Ratili akabisha, akasema njaa hupimwa kwa mabehewa ya mahindi yanayopita pale stesheni. Gazeti hakuwa mtu wa kushindwa. Akaapa kuwa kuna ndege inayoruka juu ya mashamba, na ndani yake mtu anahesabu wanaotembea polepole.

— Kwetu hakuna njaa, Kosgei akasema. Mimi nakamua ng'ombe wa mzungu, na posho tunapewa kila wiki. Angalia hii mtoto.

— Tupime, tumalize maneno, Ratili akajibu.

Wakamkalisha Jeruto kwenye mizani ya magunia. Hakulia, wala hakuuliza anafanywa nini. Ratili akasoma, akacheka: mtoto alimshinda uzito kijana wa Ratili mwenyewe, aliyemzidi umri. Moyo wa Kosgei ukatulia. Hospitali ingengoja siku nyingine.

Mama mmoja wasiyemjua, aliyekuwa akingoja unga wake, akasogea. Akachuchumaa, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki palepale.

— Hii si nyama, baba. Ni maji. Wangu alivimba hivi hivi mpaka tukamzika, na posho ilikuwa ndani ya nyumba.

Mama akamtazama Kosgei, bila ukali.

— Si wewe ndio unakamua? Sasa huyu alikunywa maziwa lini mara ya mwisho?

Maziwa ya shamba yalikwenda kiwandani, na yaliyoondolewa mafuta walinyweshwa nguruwe. Ndama wote Kosgei aliwajua kwa majina, na angeweza kusema yupi alinyonya asubuhi ile na yupi alikataa. Jeruto alikunywa lini, hakukumbuka. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu ikaja hofu.

Saa ya kukamua jioni ilikuwa imekaribia, na alijua asipoonekana zizini atafutwa kazi. Akamwinua mtoto kutoka kwenye mizani, akamuuliza yule mama njia ya hospitali.