Mayunga Mahona, Mwanafunzi wa Kukosea

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni Mayunga Mahona, aliyezaliwa Mkula tarehe 14 Machi 1924, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Mahona na wa Mama Milembe tuliye naye hapa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatolewa akachunge ng'ombe. Mwaka 1943 aliingia jeshini, akajifunza kutengeneza injini za ndege. Alirudi na tamaa moja isiyomtoka: kurusha ndege mwenyewe.

Mwaka 1949 alifunga ndoa na Pelagia, wakajaliwa watoto wawili. Mwaka 1954 aliajiriwa Bariadi kuhudumia ndege ndogo ya kunyunyizia nzige dawa. Rubani wake, Bwana Harold, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuwa mwalimu wa marubani, akahitaji mtu wa kujifanya mwanafunzi wake ili afanye mazoezi ya kufundisha.

"Wewe kosea, mimi sahihisha," alimwambia. "Mimi pata cheti, wewe mwanafunzi yangu ya kwanza. Mimi fundisha wewe mpaka ruka peke yako."

Marehemu aliamini. Kila jioni alikalia kigoda, mwiko katikati ya magoti kama usukani, akirudia makosa ya kesho.

"Baba Marcelo, lete mwiko, watoto wana njaa," Pelagia alimwambia. "Tena mtu mzima anasomea kukosea?"

"Nakosea kwa ajili yake, Mama Marcelo. Akishapata chake, zamu yangu."

Tarehe 9 Juni 1956 aliagizwa ainue pua ya ndege mapema mno wakati wa kutua. Akafanya kama alivyoagizwa. Mwalimu alikuwa bado analieleza kosa, kwa maneno mazuri ya mtihani, ndege ilipodondoka. Bwana Harold alitoka na mchubuko wa kidevu. Marehemu alivunjika uti wa mgongo.

Agosti, rubani alifika hospitalini na cheti mkononi, amefurahi kweli.

"Wao uliza kosa ile ile!" alisema akicheka. "Mimi jibu yote."

"Hongera, Bwana," alisema Marehemu. "Na zamu yangu?"

Bwana Harold aliitazama miguu chini ya shuka, kisha saa yake. "Tutaona," akasema.

Wiki iliyofuata alihamia Nairobi. Hajatuma hata pole, na ukoo huu umeamua lisemwe hapa, mbele ya kaburi, anayeudhika na audhike.

Vidonda vya mgongo vilioza. Siku ya mwisho Marehemu aliomba mwiko. Aliusimamisha tumboni, akasubiri, akasubiri tena, ndipo akauvuta taratibu.

"Umeona, Mama Marcelo? Kumbe si vigumu."

Alifariki tarehe 21 Oktoba 1956. Ameacha mama yake, mjane Pelagia, na watoto Marcelo na Kornelia. Mwiko umo ndani ya jeneza. Mjane hakutaka kuuona tena jikoni.

Mungu ampe pumziko, na safari hii amwache atue mwenyewe.