Chumba cha Mbele, Riruta

Kitavi, zima simu, mwanangu, usogee karibu na dada yako Nzisa, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na lile analolificha daktari, mwili umeshaniambia. Awiti naye akae hapo hapo. Nimemwita mimi, asitolewe nje na mtu kwa kuambiwa haya ni ya familia.

Nyumba ya Riruta ni yenu ninyi wawili, mgawane vyumba vya nyuma bila kuzozana. Lakini kile cha mbele, chenye vitabu, najua Kitavi umeshazungumza na rafiki yako Mbuthia akifanye duka la vipuri vya pikipiki. Mwambie mama amekataa. Hicho namwachia Awiti.

Usininunie, sikiliza. Nilifundisha walimu wa chekechea mpaka nikachakaa, na kilichonichosha si kazi, ni kuwaona wasichana wanaojiandaa kufundisha watoto kusoma wakikiogopa kitabu wao wenyewe. Awiti alikuwa mmoja wao. Shuleni alichapwa kila alipokwama kwenye neno, akaja chuoni akikariri ya mtihani tu. Nikamwuliza, "Ni kitabu gani ulichowahi kukipenda?" Akanijibu, "Mwalimu, kwani kitabu hupendwa?"

Sikumhubiria. Nikawaalika nyumbani Jumamosi, yeye na wenzake, nikawapikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nikawasomea hadithi za watoto kama nilivyowasomea ninyi, bila maswali, bila alama. Awiti alikaa mlangoni akitazama barabara. Kisha Jumamosi moja nikaitwa kwa jirani aliyefiwa, nikakiacha kitabu kwenye kiti, fisi wa hadithi akiwa bado amekwama kwenye dirisha la nyumba ya watu. Niliporudi nikasikia mtu anasoma. Ni Awiti, anakwama, anarudia, wenzake wamekaa sakafuni kimya, hakuna anayecheka. Nikasimama nje mpaka fisi akachomoka. Nilipoingia akaniuliza, "Naweza enda nayo?"

Leo watoto wa darasa lake kule Muthangari humfuata hadi langoni wakimwomba ukurasa mmoja zaidi. Na wale walimu wanafunzi anaowaleta kwangu huingia na woga ule ule aliokuwa nao. Nikiondoka, Kitavi, nani atawapokea? Vipuri?

Ngoja nipumue.

Mnizike Kangundo kando ya baba yenu, hotuba ziwe fupi. Nzisa, vitabu visifungiwe kabatini; vikichanika kwa kushikwa, vigundishe, virudi mikononi mwa watu. Msimkumbushe Awiti kwamba hakuzaliwa kwetu.

Ufunguo uko mfukoni mwako, Kitavi. Mpe wewe, kwa mkono wako, nikiona.

Mpe, baba.

Haya. Asante. Mungu akubariki wewe kwanza, kwa kuwa limekuuma. Akubariki Nzisa. Na wewe Awiti, na wote watakao... watakaoingia pale wakiogopa. Nimechoka, wanangu. Sasa niacheni... nilale.