Nilimwonea Wivu Mdogo Wangu wa Casavatore

Sifa kwa Yesu, ndugu zangu wa Kashojwa! Nanyi wageni wetu kutoka Mbarara, sifa kwake!

Wazazi wetu walipokufa kule Kivu ya Kusini, mimi mkubwa niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Hapa kambini Nakivale, mdogo wangu Furaha alipofikisha umri wa mtu mzima, nilifanya ujanja: nilimtoa kwenye karatasi ya familia akaandikishwa peke yake kwenye karatasi ya pili, ili tupate kiwanja cha pili cha mahindi. Tulikipata. Nikajisifu!

Miaka ikapita, ikaitwa karatasi ile ya pili kwa safari ya Ulaya. Wakristo wa Italia walipokea watu wachache, na jina lilikuwa la Furaha tu. Mimi niliyeacha shule kwa ajili yake nikabaki na jembe!

Akaenda Casavatore, mji mdogo uliobanana pembeni ya Napoli. Kila picha aliyotuma ilinichoma. Maghorofa! Taa! Koti jekundu! Niliimba kwaya hapa mbele yenu huku moyoni nasema, "Lile koti ni langu." Nikaacha kumjibu.

Kisha Mkongomani mwenzetu aliye huko akataka kumwoa. Baba wadogo wa mchumba huyo wanakaa Nyamityobora, Mbarara. Kwa desturi walipaswa kuja kwangu kuposa, maana kwetu hakuna mkubwa mwingine aliyebaki. Mara ya kwanza nilijificha shambani. Mara ya pili nikasema ninaumwa. Bila neno langu Furaha asingeolewa, na nilijua.

Akapiga simu akilia, akaniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu: "Yaya, nimekukosea nini? Huku watu bamejaa mpaka jirani akikohoa ninamusikia, lakini hakuna hata mumoja anaijua jina yangu. Hakuna hata fasi ya kupanda kitunguu. Weye ndiye mama yangu!"

Ndugu zangu, nilifurahi! Mtoto niliyembeba mgongoni analia, nami natabasamu! Riziki, dada yetu anayenifuata, aliniona. "Yaya, unacheka? Uyu ni mudogo yako ao ni adui yako?"

Hofu ikanishika. Nilipiga magoti palepale, simu ikiwa bado wazi, nikalia kwa sauti: "Yesu, ninamwonea wivu mtoto niliyemlea! Nitoe humu!"

Furaha alisikia yote. Akasema polepole, "Nilijua, Yaya. Tangu ile koti." Tukacheka wote watatu, machozi yakitutoka.

Jumamosi iliyopita wageni walikuja mara ya tatu. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikakaa mahali ambapo baba angekaa, nikawaambia, "Mtoto tumewapa." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Haleluya!

Sitawadanganya. Jana ilikuja picha nyingine, na ikauma. Lakini nilimjibu saa ileile.

Asante, Bwana wangu! Na wewe uliyeketi hapa, ambaye jina la mwenzako limebandikwa kwenye ubao wa wanaosafiri na lako halipo, usimwimbie Mungu ukiwa umeficha wivu moyoni. Mwambie lile neno baya kama lilivyo. Mimi nilimwambia, wala hakunikimbia.