Bega la Ngongoti

Ngongoti: Haloo? Nani mwenzangu?

Kiroboto: Ngongoti! Bado unapokea simu kama karani wa posta?

Ngongoti: Nimeuliza nani.

Kiroboto: Si mimi, Kiroboto! Umetoka netiboli ukaacha na masikio huko huko? Hujambo, ndugu yangu?

Ngongoti: Sijambo. Miaka minne, Kiroboto. Nani kafa?

Kiroboto: Toba! Hajafa mtu. Nimekuona kwenye bango, hapa nje ninaposhonea. Glavu za ngumi mpaka kidevuni, uso umeukunja… Nikawaambia wateja, huyu tumecheza naye! Miaka kumi na moja timu ya taifa, yeye mfungaji, mimi namrushia mipira—

Ngongoti: Mpaka mwaka wa mwisho. Mwaka wa mwisho ulifunga wewe.

Kiroboto: (mkwaruzo) —nini? Mtandao huu!

Ngongoti: Nimesema, habari za cherehani?

Kiroboto: Zinakwenda. Sare za shule tu, mpaka naota kola. Mbona huko kuna vishindo?

Ngongoti: Niko mazoezini, nyuma ya gereji. Wenzangu wanapiga gunia.

Kiroboto: Na watu walivyokucheka! Mtu na miaka yake thelathini na moja, ndiyo kwanza anavaa glavu. Leo hii unapigania mkanda. Umeshapigana mara ngapi vile?

Ngongoti: Mapambano tisa. Nimepoteza mawili. Lile la kwanza nilikuwa naruka kama niko chini ya goli, nikachapwa nikiwa hewani.

Kiroboto: (anacheka) Nilisikia! Na… mwili je? Lile bega la kulia, lililoteguka siku ile nilipokuangukia—

Ngongoti: Ehe. Tumefika.

Kiroboto: Tumefika wapi?

Ngongoti: Begani. Baba watoto wako ndiye kocha wa yule ninayepigana naye Jumamosi. Ulidhani sijui?

Kiroboto: Nani kaku—

Ngongoti: Nilimwona tulipopimwa uzito. Yeye alidhani simjui. Picha ya harusi yenu niliiona, ingawa kadi sikuletewa.

Kiroboto: Ngongoti, nisikilize. Hilo bega tulilijua watu watatu tu. Mimi, wewe, na daktari wa timu—

Ngongoti: Na kocha wa netiboli, ambaye mimi sikumwambia. Wiki moja kabla ya safari ya mashindano jina langu likakatwa. Kwenye nafasi ya mfungaji likaandikwa la nani?

Kiroboto: Anaingia. Nitakuuliza tena, na wewe u— (mkwaruzo) —sawa?

Ngongoti: Nini? Nani anaingia? Haloo?

Kiroboto: (kwa sauti kubwa) Enhee! Nasema, mambo ya zamani, bwana!

Ngongoti: Mbona unasikika kama umo ndani ya pipa? Umeweka spika?

Kiroboto: Mikono ina kazi, nashona. Hivi lile bega lako lilikuwa lipi vile? Nimesahau.

Ngongoti: Umesahau.

Kiroboto: Umri, mwenzangu.

Ngongoti: Basi… bado linanitesa. Nikiinua mkono tu, jasho linanitoka. La kushoto.

(cherehani inasimama)

Ngongoti: Si unakumbuka? La kushoto.

Kiroboto: Ndiyo, ndiyo, la kushoto! Sasa nimekumbuka. Si mimi ndiye niliyekufunga kitambaa?

(mlango unabamizwa)

Kiroboto: Baba watoto katoka. Katoka mbio kumwambia bondia wake, hata kamba za viatu hajafunga. Nimezima spika.

Ngongoti: Alikutuma.

Kiroboto: Wiki nzima kanikalia kooni. Nikamwambia sikumbuki. Akasema basi piga, umuulize, nisikie kwa masikio yangu.

Ngongoti: Na kocha wa netiboli? Yeye ulimwambia lipi?

Kiroboto: Haloo? Mbona unakatika—

Ngongoti: Usisingizie mtandao.

Kiroboto: La kulia.

Ngongoti: Mm.

Kiroboto: Nilitaka nisafiri kama mfungaji, hata mara moja tu. Nikafika kule nikakosa magoli ambayo hata mtoto angefunga. Usiku nalia bafuni, nimefungulia maji wasinisikie. Ngongoti, mimi—

Ngongoti: Nilijua tangu siku ulipovaa jezi yangu ukashindwa kunitazama. Nilitaka tu nisikie hilo kinywani mwako.

Kiroboto: Salio linaisha. Acha niseme neno moja—

Ngongoti: Usiseme. Wala usinipigie mpaka Jumamosi ipite.

Kiroboto: Na ikishapita?

Ngongoti: Sijui nitaamka na uso gani.

Kiroboto: Wowote ule. Utapokea?

Ngongoti: Wewe piga. Haya, naitwa ulingoni, bendeji zenyewe sijafunga. Wasalimie wa—

(simu inakatika)